Kuulizwa Hesabu Si Kutukanwa

Somo: 2 Wafalme 12:4-15, 2 Wakorintho 8:16-21



Leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2020, corona ilipoingia Kenya mwezi Machi na makanisa yakafungwa, nilipewa kazi ya kusimamia chakula cha msaada. Mlituma sadaka kwa M-Pesa, nasi tukanunua unga, maharagwe, mafuta na sabuni, tukapeleka nyumba kwa nyumba kabla ya saa za kafyu. Nilifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Mwezi Juni mzee mmoja wa kanisa akanipigia simu, akauliza kwa upole, "Pasta, ile orodha ya waliopokea, uko nayo?"

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikamjibu, "Mzee, kwani huniamini? Watu walikuwa na njaa. Ningeandika saa ngapi?"

Na mimi ndiye nilisomea biashara chuo kikuu! Vocha, risiti, ukaguzi wa hesabu, yote nilifundishwa. Lakini siku niliyoulizwa mimi, masomo yalikimbia, kikabaki kiburi.

Swali letu wiki hii ni hili. Wakati wa dharura, je, mtu anayefanya wema anawiwa maelezo na wengine? Ama kumuuliza ni kumvunjia heshima na kuchelewesha msaada?

Taifa letu lilipitia swali hilo hilo mwaka huo huo. Tuwe wakweli, haraka ilihitajika. Ugonjwa haungojei tenda itangazwe gazetini. Hata sheria inajua hivyo. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, kifungu cha 103, inaruhusu ofisi ya serikali kununua moja kwa moja kwa muuzaji mmoja kukiwa na haja ya dharura. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba sheria ilikuwa kizuizi. Mlango wa haraka ulikuwepo, na ulikuwa halali.

Lakini tunajua yaliyofuata. Agosti 2020 madaktari na wauguzi walikuwa wakilalamika kwamba hawana vifaa vya kujikinga. Wakati huo huo maswali yalikuwa yamezuka kuhusu KEMSA, mamlaka inayonunua na kusambaza dawa na vifaa vya hospitali za umma. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, alikuwa ameingia ofisini mwezi Julai tu. Ukaguzi wake maalum ulionyesha kwamba vifaa vilinunuliwa bila bajeti iliyoidhinishwa, kwa bei iliyopita ile ya soko, na shehena ya mabilioni ya shilingi ikakwama kwenye maghala. EACC nayo ikachunguza ununuzi wa shilingi bilioni 7.8. Nani ana hatia na nani hana, hiyo ni kazi ya mahakama, mimi si hakimu. Ninachotaka tuone ni kwamba muuguzi alikosa glavu, na ghala likajaa.

Tena, sehemu ya fedha za wakati ule ilikuwa deni. Mei 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinishia Kenya mkopo wa dharura wa dola milioni 739. Yule mtoto tuliyemweka wakfu hapa madhabahuni baada ya kanisa kufunguliwa tena, atakua na kulipa kodi juu ya deni hilo. Hakuulizwa, na alikuwa hajui hata kuongea. Ni nani atamuulizia?

Hapo ndipo mkaguzi anapoingia. Kazi yake si kubwa machoni. Anaketi na faili na kuuliza maswali makavu: Nani aliomba kitu hiki? Nani aliidhinisha? Bei ilitoka wapi? Nani alipokea, na sahihi yake iko wapi? Katiba yetu, kifungu cha 229, inamtaka aseme kama fedha za umma zimetumika kwa njia halali na kwa manufaa. Yashike hayo mawili, halali na manufaa, maana nitayarudia.

Sasa kuna ndugu atanijibu kwa Biblia. Atasema, "Pasta, soma 2 Wafalme 12 mstari wa 15. Wale mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Mtu wa Mungu haulizwi." Ni andiko la kweli, na limenisumbua mimi pia. Lakini usianzie mstari wa 15, anzia wa 4. Mfalme Yoashi alikuwa amewaamini makuhani tu, bila utaratibu wowote, na kufika mwaka wa 23 wa utawala wake hekalu lilikuwa bado limebomoka. Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu kando ya madhabahu. Lilipojaa, watu wawili walihesabu fedha pamoja, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazifunga mifukoni. Baada ya hapo ndipo mafundi wakaaminiwa. Uaminifu wao ulisimama juu ya sanduku na hesabu ya watu wawili. Anayeushika mstari wa 15 bila sanduku ameshika nusu ya neno.

Na Paulo je? Alikuwa na mchango wa msaada kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, fedha za wenye shida kabisa. Kama kuna mtu angesema "mimi ni mtume, niaminini," ni yeye. Badala yake alikubali ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri na mchango ule, ili asiwepo wa kumlaumu. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Sisi Wapentekoste tunapenda kusema "Mungu anajua moyo wangu." Ni kweli anajua. Lakini mjane hauoni moyo wako. Anaona kama unga umefika ama haujafika.

Nirudi kwa yule mzee. Baada ya wiki moja nilimwomba msamaha, tukaketi wawili na kalamu. Tulitumia jumbe za M-Pesa, risiti chache zilizobaki, na kumbukumbu. Ashukuriwe Mungu, hakuna aliyekuwa ameiba hata kilo moja. Mbele ya sheria nilikuwa salama. Lakini orodha ilipokamilika, nyumba tatu zilikuwa zimepokea mara tatu, na nyanya mmoja anayelea wajukuu wanne nyuma ya soko, hatua chache kutoka kanisani, hakupokea kitu. Kwa nini? Waliopata ni waliokuwa na namba yangu ya simu. Yeye hakuwa na simu.

Kazi yangu ilikuwa halali, lakini manufaa yalimpita aliyehitaji zaidi. Nisingejua kamwe kama nisingeulizwa. Serikali nayo, ilipokuwa ikituma shilingi 1,000 kwa wiki kwa familia maskini za mitaa ya mabanda, ilikuwa na shida kama hiyo. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2021 ilisema familia chache tu kati ya zenye shida Nairobi ndizo zilizopata, na kwamba kujuana na wasimamizi kulisaidia wengine kuingia kwenye orodha.

Wapendwa, hiki ndicho nimejifunza. Hesabu haiandikwi kwa ajili ya kumshika mwizi peke yake. Inaandikwa kwa ajili ya yule ambaye jina lake halimo. Mwenye njaa aliyerukwa hana kipaza sauti. Mkaguzi anapouliza, anauliza kwa niaba yake. Kwa hivyo kumkataa mkaguzi, hata kwa machozi ya kweli na nia njema, ni kumnyamazisha huyo nyanya.

Tufanye nini? Kwanza, tuzisome ripoti za Mkaguzi Mkuu, maana ni za umma, na tumuulize mbunge wetu zilijadiliwa lini. Katiba inalipa Bunge miezi 3. Pili, tusipige kelele juu ya KEMSA huku kikapu chetu hakina daftari. Kuanzia mwezi huu, mfuko wetu wa huruma utahesabiwa na watu wawili, na jumla ya mapato na matumizi itabandikwa mlangoni. Majina ya waliosaidiwa hatutayabandika, tusiwaaibishe, lakini wazee watakuwa nayo.

Na wewe ukiniuliza hesabu, sitakasirika tena. Nikikasirika, nikumbushe somo hili.

Tuombe: Baba, tufundishe kuhesabu kwa upendo, na utuonyeshe tuliyemruka. Katika jina la Yesu, amina.