Neno "Namjua" Nalo Lina Deni



Likizo iliyopita bibi mmoja jirani yetu, mjane, aliniuliza habari za binamu yangu ambaye ni fundi mwashi. "Mjukuu wangu, nimpe pesa ya kuanzia?" Nikamjibu, "Mpe tu, bibi, namjua." Binamu akachimba msingi wa jiko, akapokea fedha, akatoweka. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Ulisema unamjua."

Nimerudi chuoni Kampala kuendelea na masomo ya ujenzi, na neno hilo linanifuata. Je, nadaiwa?

Darasani tulisoma utaratibu wa jimbo la California, Marekani. Huko mkandarasi hapati leseni mpaka awe na dhamana, ambayo tangu Januari 1, 2023 ni dola 25,000. Awali ilikuwa 15,000. Akivunja sheria ya leseni na kumtia mwenye nyumba hasara, au asipowalipa vibarua wake, waliodhulumiwa hudai kwa kampuni iliyomdhamini. Nilidhani hiyo ni bima. Sivyo. Kampuni ikishalipa humgeukia mkandarasi imdai, na asiporudisha, leseni yake husimamishwa. Tena fedha hizo ni za wadai wote. Wakiwa wengi, huenda zisiwatoshe.

Kumbe dhamana haimvui mdeni deni lake. Humpa mdai mlango wa pili wa kubisha. Wanazuoni wetu wengi wameieleza kafala hivyo hivyo. Tofauti iko kwenye ada: kampuni hutoza kwa kudhamini, hali Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1985 lilikataza malipo ya dhamana yenyewe, likaruhusu gharama halisi za kazi tu. Abu Qatada (r.a.) alibeba deni la maiti ili Mtume (s.a.w.) amswalie, wala hakutaka ujira.

Sheikh niliyemuuliza aliniambia sikudhamini, kwa kuwa sikusema nitalipa. Nilishukuru, lakini sikutulia. Kampuni ya California, pamoja na kutafuta faida, huangalia rekodi ya madeni ya mtu kabla ya kumtilia saini. Mimi sikumuuliza binamu hata kazi yake ya mwisho iliishaje. Nilisema "namjua" kwa sababu ni damu yangu, na bibi akatoa akiba yake kwa kuniamini mimi.

Nimeanza kumrudishia bibi kidogo kidogo kila mwezi. Binamu bado namdai, na nitamdai.

Ndugu yangu, kesho ukiulizwa kuhusu mtu, sema kile unachokijua tu. Allah atulinde na dhulma ya ndimi zetu. Amin.