Nyumba Yenu Isiwe Sanamu ya Mchanga

Wapendwa wanandoa,

Shule zinapofungwa, baadhi ya familia za Kiptere na vijiji jirani hutenga fedha kidogo za chai na kufunga safari ndefu hadi Mombasa, ili watoto waone bahari. Wakifika ufuoni, watoto huchuchumaa na kujenga nyumba za mchanga. Maji yakijaa, nyumba zote huchukuliwa.

Katika nchi nyingine mchezo huo umekuwa mashindano ya watu wazima. Huko Puri, India, Sudarsan Pattnaik amejulikana duniani kwa sanamu anazochonga ufuoni, na mwaka 2014 serikali ya nchi yake ilimtunukia nishani ya Padma Shri. Harrison Hot Springs, mji mdogo wa Kanada kando ya ziwa, uliandaa mashindano ya dunia kwa miaka mingi. Wachongaji hushindana mmoja mmoja, kwa vikundi, na pia wawili wawili. Hao wawili wawili ndio ninaowaomba tuwatembelee leo kwa mawazo.

Tukifika mapema tutashangaa, kwa maana hakuna anayechonga. Wanamimina mchanga ndani ya fremu za mbao, wanautia maji na kuushindilia. Tabaka moja likishikana, wanaweka jingine juu yake. Ni kazi ya kutoa jasho, wala hakuna anayeipiga picha. Baadaye hufungua fremu ya juu na kuchonga kuanzia kileleni wakishuka, ili mchanga unaoanguka usiharibu kilichokwisha kukamilika.

Siri yao ni maji. Mchanga mkavu haushikani. Ukizidishiwa maji huwa kama uji. Ni yale maji kidogo yaliyo kati ya punje na punje yanayozivuta pamoja. Jua na upepo vikiyanyonya, sanamu huanza kumomonyoka ingawa hakuna wimbi lililoigusa.

Wapendwa, ndoa nyingi hazibomolewi na wimbi. Hukauka polepole. Tuseme wazi. Shamba lina jina la baba, na nambari ya kuuzia chai ni ya baba. Mama huingia shambani alfajiri, umande ungali kwenye majani, akachuma na kubeba hadi kituoni. Bonasi ikilipwa, mama hupata habari kwa jirani. Hakutukanwa, hakupigwa, hakuambiwa tu. Naye hujifunza kunyamaza. Akiuza maziwa, fedha huzificha. Jumapili huketi kanisani wote wawili, nguo zimepigwa pasi, na watu huwasifu. Kwa nje sanamu inapendeza. Ndani mchanga umekwisha kukauka.

Katika Mathayo 7:24-27 Bwana wetu anatueleza habari za wajenzi wawili. Mvua iliyowanyeshea ilikuwa ileile, na mafuriko yaleyale. Aliyesimama ni yule aliyelisikia neno na kulitenda. Sasa angalieni jambo hili: mchongaji, hata awe hodari namna gani, halali ndani ya sanamu yake. Anajua ameijenga itazamwe, na waamuzi wakiondoka kazi yake imekwisha. Ninyi mnalala ndani ya ndoa yenu. Humo mnaugua, mnalea, mnazeeka. Kama mmeijenga ili majirani waitazame, mtajificha wapi mvua ikinyesha?

Kulitenda neno huanzia mezani kwenu. Mtakatifu Paulo, katika Waefeso 4, anatutaka tuache uongo na tusilale na hasira. Hayo ndiyo maji ya kila siku, na hayawezi kumiminwa yote kwa mpigo siku ya kukumbuka arusi. Baba, karatasi ya bonasi ikija, iweke mezani kabla shilingi moja haijatumika. Mama, nawe weka hesabu ya maziwa. Pangeni pamoja karo, mbolea na sadaka. Kikibaki kitu, pangeni na safari ya watoto. Jioni ya kwanza huenda mkaulizana maswali makali. Msikate tamaa, kwa sababu mchanga haushikani bila kushindiliwa. Ila mshindilie kazi, msimshindilie mwenzako kwa maneno ya kumdhalilisha. Maji mengi mno nayo hubomoa.

Tena, anzeni juu, kama wachongaji. Kabla ya hesabu, salini pamoja, hata kama ni Baba Yetu moja tu.

Jadilianeni nyumbani:

1. Je, kuna jambo la fedha ambalo mwenzangu anaweza kulisikia kwa jirani kabla ya kulisikia kwangu?

2. Mara ya mwisho kuketi wawili na kuzungumza bila haraka ilikuwa lini?

3. Ni nini katika ndoa yetu tunachokifanya kwa ajili ya macho ya watu tu?

Mungu azibariki nyumba zenu.