Gurudumu la spidi

Kamera ya filamu iliyofungiwa kabatini Tanga au Pangani haifi kwa uzee tu. Huliwa na hewa. Unyevu wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikitua juu ya shaba, kutu ya kijani haikawii.

Ndiyo maana gurudumu la spidi la Canon AE-1, kamera iliyotoka mwaka 1976, huweza kuonyesha 125 huku shata ikifyatuka kivyake. Chini ya gurudumu kuna ulimi mwembamba wa chuma unaoteleza juu ya njia za umeme. Zikichafuka, saketi husoma spidi nyingine. Pentax K1000, ya mwaka huohuo, ni habari tofauti: spidi zake huendeshwa na meno na springi, betri ni ya kipima mwanga tu. Hapo mkosaji mara nyingi ni grisi iliyoganda.

Kwa AE-1, fundi mwenye subira huanza na tiba ya bure. Hutoa betri, akazungusha gurudumu kutoka B hadi 1000 na kurudi, tena na tena, chuma kijisugue chenyewe. Likigoma, ndipo hushika bisibisi na kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo.

Kupuliza mafuta ya kulegeza nati ni kujitafutia balaa: hutambaa hadi kwenye mapazia ya shata.

Kipimo hakihitaji mashine. Filamu ikiwa imetolewa, betri imerudishwa na mgongo wa kamera uko wazi, lenzi huelekezwa dirishani. Sekunde 1 na 1/30 zikifanana machoni, kazi bado haijaisha.