Mwangwi si Ghaibu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, limetufikia mara nyingi suali hili: Je, yafaa mwanamke mwenye mimba kupigwa ile picha ya tumbo hospitali, ambayo kwayo mtoto huonekana angali tumboni? Wako waume wanaowakataza wake zao, wakidai kwamba huko ni kujitia katika ilimu ya ghaibu. Nasi twaliona suali hili ni kubwa, kwani nyuma yake pana roho mbili, ya mama na ya mtoto. Na wanazuoni wetu wametufunza kwamba hukumu ya kitu hufuata ujuzi wa kitu chenyewe. Basi yatupasa kwanza tujue kile chombo hufanya nini.

Sauti ni mtikisiko. Apigaye dufu huitikisa ngozi, ngozi ikautikisa upepo ulio karibu nayo, na upepo huo ukautikisa ulio mbele yake, hata mtikisiko ufike sikioni; kama wimbi lipitavyo baharini, hali maji yenyewe hayendi nalo. Kwa hivyo sauti haipiti pasipo kitu cha kuichukua. Katika upepo huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, na katika maji ya bahari hukaribia mita 1,500. Ama mwangaza hauhitaji mchukuzi: hutoka katika jua, ukapita mahali pasipo na upepo wowote, kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, ukatufikia kwa dakika 8 na kidogo. Ndiyo sababu siku za masika twauona umeme kwanza, kisha ngurumo ikafuata. Na mwenye kuhisabu sekunde 3 baina yake na ajue kwamba umeme ule umepiga umbali wa kilomita moja hivi.

Na sauti igongapo kitu kigumu hurudi, na huo ndio mwangwi. Wako waliodhani kwamba aitikiaye pangoni ni jini, kumbe ni sauti yao wenyewe. Popo hupiga kelele nyembamba tusizozisikia, na kwa mwangwi wake akajua ukuta uko wapi na mdudu yuko wapi. Na meli za leo, badala ya bildi waliyokuwa wakiitupa wazee wetu, hupeleka sauti chini ya bahari. Ikirudi baada ya sekunde 2, nahodha hujua kwamba kina ni mita 1,500, kwani sauti imekwenda na kurudi. Wala hatujamsikia mtu akisema kwamba nahodha huyo amedai ilimu ya ghaibu.

Basi picha ya tumbo ni jambo lilo hilo. Sikio la mwanadamu husikia mitikisiko kuanzia 20 hata 20,000 kwa sekunde. Chombo hiki hutoa milioni kadha. Hupita mwilini, na kila ifikapo mpaka wa maji na nyama, au wa nyama na mfupa, sehemu yake hurudi, na chombo kikahisabu muda wa kurudi na kuchora alichonacho mbele yake. Daktari Ian Donald wa Glasgow na wenziwe, waliotangaza kazi hii mwaka wa 1958, walianza kwa chombo cha kutafutia nyufa katika vyuma.

Na asemaye kwamba hizi ni ilimu za wageni, na amkumbuke Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 wa Miladi akafanya kazi yake Misri. Wako wakuu wa Wayunani waliosema kwamba jicho hutoa miale ikavigusa vitu. Yeye hakuridhika na kauli tupu. Alijaribu kwa taa na chumba cha giza chenye tundu dogo, akabainisha kwamba twaona kwa mwangaza utokao kwenye vitu na kuingia machoni. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na kikapigwa chapa Basel mwaka wa 1572. Wengine waliisoma ilimu yetu, na sisi leo twaiogopa!

Ghaibu aliyojihusu nayo Mwenyezi Mungu ni kuijua kila mimba bila chombo wala dalili: riziki yake, ajali yake, wema wake na uovu wake. Katika hayo daktari hajui hata moja. Na hilo aonalo, huliona kwa mwangwi, na pengine hukosea. Linalotustaajabisha ni kwamba huyo amkatazaye mkewe hospitali, humchukua kwa mpiga ramli akaambiwe ni mume au ni mke. Huko ndiko kudai ghaibu!

Kwa hivyo jibu letu ni kwamba yafaa. Kwa picha hiyo hujulikana kama ni pacha, kama mtoto amelala kingamo, na kama kondo limeziba njia, jambo ambalo mama asipolijua aweza kutokwa na damu akafa kabla hajafikishwa kwa daktari. Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka wa 2016 kwamba kila mama apigwe mara moja kabla ya wiki ya 24. Na daktari mwaminifu akisema pana khatari, mume akazuia, basi na ajiandae kuulizwa.

Lakini na zichungwe sharti zake: atangulizwe mpigaji mwanamke, akikosekana, mume au maharimu awepo, wala pasifunuliwe ila palipohitajiwa. Na ole wake atakayejua kwamba ni binti akataka kuitoa mimba. Huyo amerudi katika ujahili wa waliowazika mabinti wangali hai.

Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa, na awahifadhi mama zetu na wana wetu. Amin.