Nyoka wa Shaba na Shilingi ya Mwenge

Mwaka 1978 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilifanya mkutano wake wa kanda ya Afrika mjini Arusha, na Benki Kuu ya Tanzania ikatoa sarafu ya shilingi tano ya kuukumbuka. Haikuwa ya kwanza wala ya mwisho ya aina yake. Mwaka 1971, Uhuru ulipotimiza miaka kumi, ilitoka shilingi tano yenye pembe kumi. Mwaka 1976 Benki ikaadhimisha muongo wake yenyewe. Mwaka 1981 zikaja sarafu za miaka 20 ya Uhuru, safari hii hata za dhahabu. Na mwaka 2011, katika jubilei ya miaka 50, ikatolewa sarafu ya madini ya fedha yenye thamani ya shilingi 50,000. Mkusanya sarafu atauliza zilichongwa ngapi na zinauzwaje leo. Mtu wa dini ana swali gumu zaidi: taifa linapoyeyusha madini na kuchapa juu yake habari zake lenyewe, linamshukuru nani? Biblia ina hofu ya muda mrefu na vitu vilivyosubiwa kwa moto, na Uislamu nao una hofu hiyo hiyo. Nami nadhani hofu hiyo ina msingi, ila mara nyingi tunaielekeza pasipo. Tunahangaika na picha, wakati shida iko kwenye deni. Sarafu ya kumbukumbu ni halali mbele ya Mungu inapomdai anayeishika. Ikishaacha kumdai ikabaki kumsifu, imekuwa sanamu, hata kama haina sura ya mtu yeyote.

Tuanze na dinari maarufu kuliko zote. Mafarisayo na Maherodi walipomtega Yesu kwa swali la kodi, aliomba aletewe sarafu, kisha akawauliza sura na maandishi yale ni ya nani. Wahubiri wengi huishia kwenye jibu lake na kulifanya somo la kulipa kodi. Lakini maandishi yenyewe yana uzito. Dinari ya Tiberio ilimtangaza kuwa mwana wa Augusto aliyefanywa mungu, kwa hiyo sarafu ile ilikuwa ukiri wa imani uliozunguka sokoni, ukinunua samaki na mkate. Tertuliano wa Karthago, akiandika juu ya ibada ya sanamu, alilitafsiri jibu la Yesu kwa namna ambayo sijaona iliyoipita: sura ya Kaisari iliyo kwenye sarafu apewe Kaisari, na sura ya Mungu iliyo kwenye mwanadamu apewe Mungu. Hapo sarafu inapewa mpaka. Inaweza kudai shilingi, haiwezi kumdai mtu mzima. Ila jambo hili lina upande wa pili unaosahaulika: ikiwa mwanadamu ndiye mwenye sura ya Mungu, basi sarafu inayoadhimisha historia ya watu haina budi kujibu kwa ajili ya watu wote ambao historia hiyo iliwapitia, wakiwemo wale iliowakanyaga.

Atakayesema kwamba dini inakataza kumbukumbu za aina hii hajasoma vizuri. Yoshua aliamriwa kuchukua mawe kumi na mawili kutoka katikati ya Yordani na kuyasimamisha Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake waelezwe. Mawe hayo yaliwekwa kwa ajili ya swali. Hayakuwa na haja ya kusifiwa, yalihitaji mtoto mdadisi na mzazi mkweli. Sasa weka kando yake nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu, watu walioumwa wakamtazama wakapona, na kwa karne kadhaa alitunzwa kama kumbukumbu ya wokovu. Kisha mfalme Hezekia akamvunjavunja, kwa sababu Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ile ile, na historia iliyokumbukwa ilikuwa ya kweli. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena aliyemtazama nyoka yule akakumbuka kuwa baba zake walinung'unika jangwani, wakaumwa kwa sababu hiyo. Kosa lilifutika ndani ya kumbukumbu, ukabaki muujiza peke yake, na muujiza usio na kosa nyuma yake hugeuka haraka kuwa sifa za aliyeponywa.

Kipimo hicho kinaufaa Mwenge wetu wa Uhuru. Usiku wa Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha juu ya Kilimanjaro, na mwaka 1966, Benki Kuu ilipoanza kazi, mkono ulioushika Mwenge ukachapwa kwenye shilingi moja, upande wa pili ukiwa na sura ya Mwalimu Nyerere. Wapo Wakristo, hasa katika makanisa ya kiroho, wanaouona Mwenge kuwa ibada ya moto na hawataki kuukaribia. Siungi mkono hofu hiyo kwa jinsi inavyosemwa. Shilingi ile ilikuwa na deni lililojulikana: tangu mwaka 1959 Nyerere alikuwa amezungumzia mwanga utakaovuka mipaka na kuwafikia wanaonyanyaswa, na nchi ikalilipa deni hilo kwa gharama kubwa, kwa kuipokea Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, jijini Dar es Salaam mwaka 1963 na kuwahifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kwa miaka mingi. Mwananchi aliyeishika sarafu ile aliambiwa kwamba uhuru wake haujakamilika mpaka wa jirani ukamilike. Hiyo ni jiwe la Gilgali.

Azimio la Arusha, tamko la Ujamaa, lina kisa kigumu zaidi. Lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na sehemu yake kali ilikuwa miiko ya viongozi: kutokuwa na mishahara miwili, kutokuwa na hisa katika makampuni, kutopangisha nyumba. Arusha ina mnara wa Azimio, na ina makumbusho ya Azimio pia. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza miiko ile. Mnara haukuguswa. Sisemi kwamba uamuzi wa Zanzibar ulikuwa mbaya kiuchumi. Huo ni mjadala wa watu wengine, na wenye hoja pande zote mbili wapo. Nasema kwamba kuanzia siku hiyo mnara ulisimama bila deni lake. Kiongozi anaweza sasa kupiga picha chini yake akiwa na nyumba tano za kupangisha, wala mnara usimuulize kitu. Kama Hezekia angepita kwenye mzunguko wa magari ulipo mnara ule, nadhani angesimama kidogo.

Kuna pia sarafu ambazo hazikuwa na deni tangu siku ya kwanza. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za uhifadhi wa wanyamapori: twiga kwenye shilingi 25, kifaru kwenye 50, na duma kwenye sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500. Zilikuwa sehemu ya mfululizo wa kimataifa, na wanunuzi wake walikuwa wakusanyaji wa ng'ambo. Mwaka huo huo Operesheni Vijiji ilikuwa ikihamisha mamilioni ya wakulima, wengi wao kwa nguvu, ukame ulikuwa umepiga, na serikali ilikuwa ikiagiza mahindi kutoka nje. Duma ni kiumbe cha Mungu na anastahili kuhifadhiwa. Lakini sarafu ambayo mkulima haioni, haishiki na hanunui nayo hata kibaba cha unga haimkumbushi yeye wala haimkumbuki. Ndiyo maana naiheshimu zaidi ile shilingi tano ya mkutano wa Arusha. Ilihusu chakula, na ilipita dukani.

Sasa nifike hapa Makumira penyewe, kwenye nchi ya Meru, ninakoandikia. Chuo cha theolojia cha Kilutheri kilihamishiwa hapa mwaka 1954, na si mbali nacho, huko Akeri, ndiko walikouawa wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896. Wachaga waliofuatana nao waliuawa pia. Kanisa la Meru linawakumbuka wamisionari hao kama mashahidi wa imani, na lina haki. Lakini baada ya usiku ule Kapteni Kurt Johannes, aliyekuwa na kituo Moshi, aliongoza msafara wa adhabu kuzunguka Mlima Meru. Mamia ya Wameru na Waarusha waliuawa, migomba ikachomwa, mifugo ikatekwa. Tarehe 2 Machi 1900, mjini Moshi, Mangi Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na Arusha. Na walionusurika walitakiwa kulipa kodi ya nyumba, iliyoanzishwa katika koloni mwaka 1898, kwa rupia zenye sura ya Wilhelm II aliyevaa kofia ya vita. Swali la dinari lilikuwa limefika kwenye migomba ya Meru likiwa na jina lile lile, Kaisari. Mwaka 1912 Kaisari huyo alianzisha medali ya makoloni kwa walioshiriki kampeni zake ndogondogo za ng'ambo, yenye vipande vya kubandika kwenye utepe vilivyoandikwa koloni na mwaka wa vita. Kilio cha wengine kilipata shaba yake, ila kwenye kifua cha aliyekisababisha. Warumi walishafanya hivyo baada ya kuangamiza Yerusalemu mwaka 70, walipochapa sarafu za mwanamke wa Uyahudi ameketi analia chini ya mtende.

Wapo watakaosema dawa ni kuondoa sura kabisa. Kenya imefanya hivyo: Katiba ya mwaka 2010 inakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na sarafu mpya za Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu badala ya Kenyatta, Moi na Kibaki. Kabla yao, khalifa Abd al-Malik alikuwa ameziondolea sura sarafu za Kiislamu mwishoni mwa karne ya saba na kuweka maneno ya imani mahali pake, na masultani wa Kilwa wakachapa sarafu za shaba zisizo na picha, zenye jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, kwa vina. Naona hekima katika hayo yote. Inamzuia mtawala kujipamba. Lakini haigusi kiini. Sarafu ya Kilwa ilimtaja Mungu, na bado ilikuwa ikimtukuza sultani, kwa adabu zaidi tu. Naye simba wa Kenya hakumbuki Mau Mau wala kambi ya Hola. Hana deni kwa mtu na hamdai mtu. Kuondoa sura kunaponya majivuno, hakuponyi usahaulifu.

Pingamizi zito zaidi linahusu heshima ya taifa. Sarafu, wanasema, si mahali pa kuungama; nchi changa inayojinyenyekeza kwenye fedha yake yenyewe inawapa adui zake silaha, na watoto wanahitaji mashujaa. Hoja hii inaonekana ya busara mpaka uisome Zaburi ya 106. Hiyo ni historia ya taifa, imeimbwa hekaluni katika ibada rasmi, na karibu yote ni orodha ya makosa ya mababa, tangu Bahari ya Shamu na ndama wa Horebu hadi sanamu za Kanaani. Israeli haikufa kwa kuimba hivyo. Falme zilizojichapa washindi peke yao kwenye sarafu zao ndizo tunazozichimbua leo mchangani. Halafu, ni nani aliyesema kwamba ukweli unanyima watoto mashujaa? Tarehe 17 Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha Wameru kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wachache wa Kizungu, na nyumba zikachomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kuwatetea. Kesi haikurudisha ardhi wakati ule, ingawa iliwafumbua macho wengi Tanganyika kabla TANU haijazaliwa. Huyo ni shujaa asiyehitaji uongo, na kumkumbuka kunatuuliza swali moja kwa moja: ni nani leo anahamishwa kwenye ardhi yake, na kwa faida ya nani? Katika sarafu zote nilizozitaja hapa, Ngarenanyuki haimo.

Desemba 2031 Uhuru wa Tanganyika utatimiza miaka 70, na bila shaka Benki Kuu itachapa kitu. Ichape Ngarenanyuki, na iichape kwenye sarafu itakayotumika kulipa nauli ya daladala kutoka Usa River hadi mjini, badala ya ile ya kufungiwa kwenye kisanduku cha mahameli. Na Dayosisi ya Meru, ambayo haihitaji kungoja Benki wala mwaka 2031, iweke Akeri jiwe la pili kando ya kumbukumbu ya Ovir na Segebrock, lenye majina ya Wachaga waliokufa nao na ya Wameru na Waarusha waliokufa kwa ajili yao, kwa kadiri wazee wanavyoyakumbuka bado.