Biti Zilizosahauliwa na Saa

Basi likija kwa kasi huku likipiga honi, sauti husikika kali, likishakupita, huwa nzito. Mawimbi ya redio nayo huwa hivyo hivyo. Waliounda kipokezi cha chombo cha anga Cassini walilijua hilo vizuri, na ndiyo maana kisa chao kinanitisha.

Cassini kiliondoka duniani Oktoba 1997 kwenda Zohali, kikiwa kimebeba Huygens, chombo cha Ulaya cha kushuka kwenye mwezi wake, Titani. Huygens kingetuma data na Cassini kingezipokea kikiwa kinakikaribia kwa takriban kilomita 5.5 kwa sekunde. Wahandisi walikiwezesha kipokezi kufuata masafa ya wimbi yanapohama. Lakini mwendo huo huo hubadili pia kasi ya biti, 8192 kila sekunde, na saa ya kuzipokea haikupewa uhuru wa kuzifuata. Tofauti yenyewe haifiki hata biti moja kwa sekunde! Ilitosha kuvuruga data.

Dalili zilikuwepo. Kampuni iliyotengeneza kipokezi hicho ilishika michoro yake kama siri ya biashara, na wakaguzi hawakung'ang'ania. Jaribio kamili, data na mwendo kwa pamoja, liliachwa kwa kuwa lingelazimu vifaa vifunguliwe na kukaguliwa upya. Tena kifaa kilionekana cha kawaida tu. Kusema kweli, hata mimi ningetia saini. Tuna mazoea ya kupima tunachokiogopa na kuacha tunachokiamini.

Mhandisi Boris Smeds alisisitiza jaribio lifanywe, chombo kikiwa njiani. Mwaka 2000, kutoka Goldstone, California, ikarushwa ishara ya kuigiza Huygens, pamoja na mwendo wake. Wimbi lilipokelewa vizuri. Biti zikatoka ovyo. Ndugu fundi, ukiunda redio ya data, usiridhike na wimbi tupu. Pitisha data halisi, na uhamishe masafa na saa pamoja.

Programu ya kipokezi haikuweza kubadilishwa kutoka mbali. Ikabidi njia ya Cassini ibadilishwe, kiwe umbali wa kilomita 60,000 kutoka Titani badala ya 1,200, ili kasi ya kukikaribia Huygens ipungue.

Tarehe 14 Januari 2005 Huygens kilitua salama na picha zikafika. Zilifika nusu tu: amri ya kuwasha kimojawapo cha vipokezi viwili vya Cassini ilikuwa imesahauliwa.