Picha Isiyopiga Hodi

Je, mtu anayeniruhusu kumtazama akifanya kazi yake huwa ameniruhusu pia kumtazama akiwa nyumbani kwake? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu wapiga picha wengi wamekwisha kulijibu bila ya kulitamka. Kufunua vitabu na majarida ya picha kunatosha kuonesha jawabu lao. Kurasa za mwanzo humwonesha fundi na zana zake mkononi. Kurasa zinazofuata humwonesha fundi yule yule amekaa juu ya mkeka, mkewe jikoni, na watoto wake wamelala. Hatuambiwi ni wapi mlango ulipofunguliwa. Tunapita kutoka kiwandani hadi chumbani kana kwamba ni njia moja isiyo na kizingiti.

Nimependelea kulipima swali hili kwa mfano wa wachongaji wa sanamu za mchanga, na hasa wale wa Puri, mji wa mwambao katika jimbo la Odisha, mashariki ya Bara Hindi. Sababu yangu ni kwamba pale kazi na makazi vimekaribiana mno, vyote viwili vikiwa juu ya mchanga mmoja wa Ghuba ya Bengal, na kwa hiyo tofauti baina yao, kama ipo, itaonekana wazi zaidi.

Puri ni mji wa mahujaji, wenye hekalu kuu la Jagannath na sherehe ya magari makubwa ya mbao yanayovutwa na umati wa watu kila mwaka. Wenyeji husimulia kwamba Balaram Das, mshairi wa kale aliyeitunga Ramayana kwa lugha ya Kiodia, alitaka kupanda gari la sherehe akafukuzwa kwa fedheha. Akaenda zake ufukweni, akajitengenezea gari lake kwa mchanga. Iwapo kisa hiki kilitokea kama kinavyosimuliwa au la, maana yake haipotei: sanaa ya mchanga, kwa mujibu wa wenyewe, ilizaliwa na mtu aliyefungiwa mlango akaamua kuonekana mahali pasipo na mlango. Katika zama zetu jina kubwa la sanaa hiyo ni Sudarsan Pattnaik, mzaliwa wa Puri wa mwaka 1977, aliyejifunza mwenyewe ufukweni na hatimaye, mwaka 2014, akatunukiwa nishani ya Padma Shri na serikali ya India.

Kazi yenyewe ni ya jasho kabla ya kuwa ya ustadi. Mchanga hukusanywa kwa mabeleshi, ukamwagiwa maji mengi, ukashindiliwa mpaka ushikamane. Kinachoushikamanisha si gundi bali ni maji yenyewe, utando mwembamba unaovuta chembe moja kwa nyengine. Ukikauka, hubomoka, ukizidi maji, hutiririka. Mchongaji huanzia juu akashuka chini, kwa kuwa aliyekwisha kuchonga miguu hawezi tena kuangushia juu yake mchanga wa kichwa. Humo mwote amezungukwa na watu, na hawamuudhi. Ameuelekeza uso wa sanamu upande wanakopita wao, na chini yake mara nyingi ameandika maneno ya kusomwa. Hakuna sanaa iliyo wazi kushinda hii.

Mpiga picha anapofika hapo, hachukui kitu kilichofichwa. Bali nathubutu kusema kwamba huikamilisha kazi. Bahari itakuja, au upepo, au mbwa wa ufukweni, na sanamu haitakuwapo. Dunia inamjua Pattnaik kwa picha. Walioziona sanamu zake kwa macho ni wachache mno wakilinganishwa na walioziona katika magazeti na kwenye simu. Mchongaji analijua hilo tangu anapoloweka mchanga. Kwa hiyo baina yake na kamera pana mkataba usioandikwa: mimi nitafanya cha kupita, nawe utanihifadhia.

Sasa tutembee kidogo kuufuata ufuo huo huo. Upo mtaa wa wavuvi uitwao Pentakata, ambao wakaazi wake wengi husema Kitelugu, lugha ya jimbo la jirani, Andhra. Majahazi yao madogo huvutwa juu ya mchanga, samaki huanikwa, nyavu hushonwa. Nyumba zimebanana, na kwa sababu ya ufinyu wake mambo mengi ya ndani hufanyika nje: mama huchana nywele za bintiye, mzee hulala kivulini, mtoto huogeshwa. Mgeni aliyetoka kupiga picha za sanamu, na kamera ingali shingoni, huingia hapa kwa mwendo ule ule na kidole kile kile. Akiulizwa, atasema: kwani si mahali pa wazi? Si mchanga ule ule?

Hapa ndipo ninapoona kosa la hoja yake. Mchanga ni ule ule, lakini nia ya aliye juu yake siyo. Mchongaji ametoka nje ili aonekane. Mama yule ametoka nje kwa kuwa ndani hamna nafasi. Ufukara umemwondolea ukuta, haukumwondolea stara. Anayesema kwamba kila kinachoonekana kimeruhusiwa kutazamwa, na kila kinachotazamwa kimeruhusiwa kuchukuliwa, huwapa haki ya faragha wenye matofali peke yao.

Sisi watu wa visiwani tunapaswa kulielewa jambo hili kwa wepesi, maana limo katika majengo yetu. Nyumba ya kale ya Lamu haikuwa na mlango mmoja tu wa kutenga nje na ndani. Ilikuwa na daka, kisha tekani, kisha kiwanda, kisha misana, na mwisho ndani kwenyewe, na kila hatua ilikuwa na watu wake. Wa kuzungumza alikaa dakani akatosheka, wala hakujiona ametengwa. Kadhalika baraza zetu za Unguja: mtu anaweza kukaa juu yake miaka 30, akanywa kahawa ya mwenye nyumba kila jioni, asijue rangi ya pazia la chumbani. Na juu ya yote hayo pana hodi. Ada yetu ni kuipiga mara tatu, na asiyejibiwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Hodi si neno la kufungulia mlango. Ni neno la kumpa mwenye nyumba nafasi ya kutoufungua.

Yumkini msomaji atasema: lakini wengi wao hukaribishwa. Mchongaji mwenyewe humwambia mpiga picha, njoo nyumbani tunywe chai. Ni kweli, na ndipo penye mtego. Kwanza, karibu ya mwungwana si kibali cha kila kitu. Huku kwetu tunamkaribisha chakula hata mpita njia tunayemwomba Mungu asiitikie, kwa kuwa kutosema karibu ni aibu kubwa kuliko sahani kupungua. Mwenye nyumba aliyekwisha kumkalisha mgeni kitako hana tena ulimi wa kumwambia, weka chombo chako chini. Kimya chake ni adabu, na adabu si ridhaa. Pili, baba hamiliki nyuso zote za nyumba yake. Aliyesimama ufukweni akakubali kupigwa picha amekubali kwa nafsi yake. Mkewe hakuwapo. Mtoto hana umri wa kujua anaulizwa nini. Ruhusa ya mmoja hutandazwa juu ya wote mithili ya shuka fupi, na anayebaki wazi ni yule asiye na sauti.

Ipo hoja nzito zaidi, nayo haifai kupuuzwa. Inasemwa kwamba picha za majumbani huamsha huruma, na kwamba dunia isiyoona haisaidii. Mfano mashuhuri ni wa Marekani. Mwaka 1936, Dorothea Lange, aliyekuwa akiifanyia kazi serikali, alimpiga picha mama mmoja katika kambi ya vibarua wa mashambani huko Nipomo, California, akiwa na watoto wake chini ya turubai. Picha hiyo ilipotolewa gazetini, chakula cha msaada kilipelekwa kambini. Huo ni wema wa kweli, na waliokula hawakuwa na haja ya falsafa yetu. Lakini mama yule na wanawe walikuwa wamekwisha kuhama. Lange hakumuuliza jina. Picha ikazunguka dunia, na mwenye uso akabaki hana jina mpaka mwaka 1978, alipojitokeza Florence Owens Thompson, akasema kwamba hakupata chochote kwayo na kwamba alitamani isingepigwa. Mmoja wa binti zake alikuja kueleza, mwaka 2008, jinsi walivyokuwa wakiionea haya. Na haki izungumzwe yote: mwaka 1983, mama huyo alipougua, watu walioguswa na picha ile walimchangia maelfu ya dola. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba picha haikuwa na heri. Nasema kwamba heri yake haikufuta deni lake, na kwamba kuuliza jina kusingempunguzia mtu yeyote mkate.

Nadhani sasa tunaweza kuligusa shina. Kwa nini mchongaji huifurahia picha na familia ikaumizwa nayo, ilhali kamera ni moja? Jawabu langu ni kwamba sanamu ya mchanga imekwisha kufika mwisho wake. Haitaongezeka kitu ila kuporomoka. Kuihifadhi ni kuitendea wema. Binadamu aliyemo nyumbani mwake hajafika mwisho. Leo amevaa kanga iliyochakaa, kesho atanunua nyengine. Mtoto anayelia leo atakuwa nahodha, au mwalimu, au mtu wa kawaida mwenye siri zake. Maisha ya nyumbani, na hasa maisha ya dhiki, yanavumilika kwa kuwa yana maji kupwa na maji kujaa: aibu ya jana huzolewa na wimbi la leo. Mpiga picha huja akaisimamisha bahari. Anachukua siku moja, pengine iliyo mbaya kuliko zote, akaigeuza jiwe, na jiwe hilo akaliita fulani. Sisi huwa twadhani sanamu ndiyo ngumu na mtu ndiye laini. Mbele ya lenzi mambo hupinduka: mchanga hupata umri usiokuwa wake, na mtu hunyang'anywa haki yake ya kubadilika.

Wala si kwamba picha haina njia ya heshima kuingia katika familia. Unguja tumeziona njia zote mbili. Tangu karne ya 19 walikuwapo hapa wapiga picha wenye asili ya Goa, akina Gomes na baadaye akina Coutinho, na miongoni mwa biashara zao ilikuwa postikadi za wanawake wa mjini waliokwenda kuuzwa Ulaya wakiwa na maelezo ya kabila lao bila ya majina yao. Lakini ilikuwapo pia studio ya mtaani, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ambako familia zilikwenda zenyewe kwa miguu yao. Mama alichagua nguo, baba alichagua kiti, mtoto alipakwa wanja. Walijitengeneza kama mchongaji anavyoitengeneza sanamu yake, wakauelekeza uso upande walioutaka, wakalipa, wakaondoka na picha yao mkononi. Atakayesema kwamba picha hizo si za kweli, kwa kuwa watu walijipamba, na aniambie ni tangu lini namna mtu anavyotaka kukumbukwa ikawa uongo.

Kazi yangu ya kufasiri imenizoesha mpaka wa aina hii. Shairi alilolichapisha mwenyewe ni halali yangu kulihangaikia usiku kucha na kulivusha katika lugha nyengine. Rasimu zilizomo katika mtoto wa meza yake si halali yangu, hata kama ni nzuri kuliko shairi, na hata kama mtoto wa meza hauna kufuli.

Basi hodi ya kamera, kwa maoni yangu, inataka mambo manne, na hakuna hata moja lililo gumu. Kuulizwa upya kizingitini, kwa kuwa ruhusa ya ufukweni huishia ufukweni. Kuulizwa kila mwenye uso, si mwenye nyumba tu, na mtoto kuhesabiwa kuwa amekataa mpaka atakapoweza kukubali. Kuandikwa jina la kila anayelitaka jina lake, na kufichwa la asiyelitaka. Na kurudishwa picha, iwekwe mikononi mwa wenyewe, pamoja na haki ya kusema baadaye kwamba sasa inatosha, iondolewe.

Watakaofuata haya watarudi na picha chache zaidi, na pengine nzuri zaidi zitakuwa zile walizozikosa. Hilo lisiwahuzunishe. Aliyepiga hodi mara tatu akarudi hakupoteza safari. Amemwachia mwenye nyumba nyumba yake, na zawadi hiyo ni kubwa kuliko picha.